Prosesa Ikifa Mapema: Ushauri kwa Mafundi Wapya wa Bodi za Vidhibiti

Fundi anayeanza kutengeneza bodi za vidhibiti, yaani zile kompyuta ndogo zilizomo ndani ya friza, mizani, pampu za maji na vifaa vya kufuatilia malori, huwa mwepesi wa kuituhumu prosesa kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo inayoonekana katikati ya bodi. Uzoefu wa karakana yetu hapa Ngamiani, Tanga, unaonyesha kwamba prosesa iliyokufa kabla ya wakati wake kwa kawaida imeuawa na kitu kingine, na kitu hicho bado kipo kwenye bodi kikiisubiri ile mpya. Kwa hiyo usishike mashine ya hewa ya moto kabla hujaweza kueleza ni nini kilichoiua ya kwanza.

Anza kwa kumhoji mwenye kifaa. Kilizimika umeme uliporudi baada ya kukatika, au radi zilipopiga wakati wa masika, au saa nane mchana jua likiwa kali? Jibu la kwanza litakupeleka kwenye saplai, la pili kwenye waya ndefu za vihisi zilizotandazwa nje, na la tatu kwenye joto. Uliza pia, kwa adabu, kama kuna fundi mwingine aliyekwisha kukifungua, maana wateja huona haya kulisema hilo.

Kisha hakikisha kwamba prosesa imekufa kweli. Prosesa isiyopata mapigo ya kristali (kijenzi kinachoipa mdundo wa kufanyia kazi), au iliyozuiliwa kwenye riseti, yaani isiyoruhusiwa kuanza kazi, au ambayo kumbukumbu yake ya flashi imechakaa kwa kuandikwa mfululizo, haitofautiani kwa macho na iliyoungua. Pima ukinzani wa kila njia ya umeme kwenda ardhini na ulinganishe na bodi nzima ya aina ileile. Ulinganisho huu ni muhimu kuliko wanavyodhani wanaoanza: njia ya volti 1 na kidogo inayolisha kiini cha prosesa kubwa inaweza kusoma omu chache tu ikiwa salama kabisa, na wengi huona namba hiyo wakatangaza shoti isiyokuwapo.

Umeme ndio unaostahili muda wako mwingi. Chukua mfano wa kidhibiti cha friza ya samaki kutoka Sahare. Multimita inaonyesha volti 3.3 zilizotulia, na kwa multimita pekee utaapa kwamba saplai haina tatizo. Weka osiloskopu, yaani kifaa kinachochora volti inavyobadilika, karibu kabisa na miguu ya prosesa, waya wa ardhi wa probu ukiwa mfupi, kisha subiri rilei ya kompresa (swichi inayovutwa na koili ya umeme) iachie: utaona mwiba mwembamba ukiruka juu ya mstari, mfupi mno kwa multimita kuuona. Miguu mingi ya chipu za volti 3.3 hairuhusiwi kuzidi volti ya saplai kwa zaidi ya volti 0.3, kwa hiyo mwiba kama huo, ukirudiwa kila rilei inapoachia, hula chipu polepole hadi siku moja isiwake. Hapo kagua diodi iliyo sambamba na koili ya rilei, ambayo kazi yake ni kuuzima mwiba huo. Ikiwa imekatika, au haikuwekwa tangu kiwandani, umempata mshukiwa. Kwenye malori ya volti 24 hali ni kali zaidi, kwa kuwa betri ikichomoka wakati alteneta inachaji, volti inaweza kupanda kupita 100 kwa muda mfupi.

Joto nalo lina hesabu yake. Kapasita ya elektroliti iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongezewa maisha takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Ikifanya kazi katika nyuzi 85, basi, itapata kama saa 8,000, ambazo hazifiki mwaka mmoja wa kazi ya mfululizo. Kapasita ikikauka, mawimbi ya saplai, yaani kupanda na kushuka kwa volti yake, huongezeka na prosesa ndiyo inayoyapokea. Kwa maoni yangu, sanduku jeusi lililofungwa kwenye ukuta wa jua ni kosa la aliyelifunga, na mteja aambiwe hivyo.

Kuhusu chumvi ya bahari sina mengi: tafuta ukungu wa kijani au mweupe katikati ya miguu ya chipu, safisha kwa spiriti ya isopropili, kausha vizuri, kisha paka vanishi ya kinga. Mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) uliyotumia wewe mwenyewe yasafishwe pia, kwa sababu yakivuta unyevu hupitisha umeme.

Iko mara chache ambapo chipu yenyewe ina kasoro. Mwaka 2017 Intel iliweka wazi kwamba katika prosesa za Atom C2000 saketi inayotoa ishara ya saa (mapigo ya kuongoza kazi) ingeweza kudhoofika hadi kifaa kisiwake tena, na kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo jipya la chipu. Dalili ya kesi kama hiyo ni bodi nyingi za aina moja kufa zikiwa na umri unaokaribiana, katika sehemu zisizofanana kwa umeme wala hali ya hewa. Ndiyo maana daftari la karakana liandikwe tarehe ya kufungwa kifaa, mahali kilipofungwa na toleo la chipu, hata kama mteja ana haraka.

Ukishabadilisha prosesa na kuondoa chanzo, rudisha bodi ndani ya sanduku lake, funga kifuniko, unganisha rilei na mzigo halisi, na uiache ifanye kazi mchana kutwa. Pima joto na mawimbi ya saplai jioni, kifuniko kikiwa ndiyo kwanza kimefunguliwa, kabla hujampigia mteja simu.