Maswali na Majibu: Chumba cha Mwanga, Vijidudu vya Ziwa na Doa la Manjano

Tangu video za vile vyumba vya giza vinavyojazwa picha za mwanga zianze kuzunguka kwenye simu, maua yakichanua sakafuni na samaki wakiogelea ukutani hadi migongoni mwa watu, maswali yamekuwa mengi. Nimeyajibu hapa pamoja na ya nyumbani, bila kuyapanga sana.

Binti yangu anafanya kazi Abu Dhabi na ananiita nimtembelee. Anasema atanipeleka kwenye nyumba ya sanaa ya mwanga, ila nisivae rinda. Mimi suruali sijaizoea. Kuna nini huko? – Mama, Kondele, Kisumu

Mama, binti yako anajua anachosema. Katika kisiwa cha Saadiyat, pale Abu Dhabi, kundi la wasanii na wahandisi wa Kijapani liitwalo teamLab lilifungua jengo lao mwaka 2025. Kundi lenyewe lilianzishwa Tokyo mwaka 2001, na kazi zake zina mambo mawili yanayomhusu mvaa rinda: vioo na maji. Baadhi ya vyumba vyao sakafu huwa ni kioo, ili taa zinazoning'inia juu zionekane na chini ya miguu pia. Kioo nacho hakichagui cha kuonyesha. Katika Planets, jumba lao jingine lililoko Tokyo, wageni huvua viatu kabisa na kuvuka maji yanayofika magotini, huku samaki wa mwanga wakiwapitia miguuni na kugeuka maua wakimgusa mtu.

Suruali nyepesi inayokunjika hadi juu ya goti ndiyo inayofaa. Ikikushinda, vaa taiti nyeusi ndefu ndani ya rinda, na hakuna atakayekuuliza. Blauzi iwe nyeupe au ya rangi hafifu, kwa sababu picha itakumwagikia nawe uwe sehemu ya ukuta. Nguo nyeusi inameza mwanga.

Lipo jambo ambalo vijana husahau kuwaambia wazazi. Ukuta mzima ukianza kusogea, macho huuambia mwili kwamba unatembea ilhali miguu imesimama, na hapo kizunguzungu huanza. Ikikutokea, shika mkono wa binti yako, tazama kitu kisichosogea, kama mlango wa kutokea, halafu tafuta pa kukaa. Mwambie akukatie tiketi ya asubuhi kabla watu hawajajaa. Picha apige dakika za mwanzo, kisha simu iingie mkobani. Naona wageni wengi wa vyumba hivi hutoka wakiwa wameona kioo cha simu tu.

Mchoraji alikufa zamani. Wanaimulika picha yake ukutani, wanaongeza muziki, wanatutoza pesa. Hiyo ni sanaa au sinema ya bei ghali? – Msomaji, Kakamega

Inategemea umeingia chumba gani, ndugu yangu. Vipo vya aina mbili na watu huvichanganya.

Aina ya kwanza huchukua michoro ya zamani na kuipanua. Atelier des Lumières jijini Paris, kilichokuwa kiwanda cha kuyeyushia chuma, kilifunguliwa hivyo mwaka 2018 kwa kazi za mchoraji Gustav Klimt, kisha Vincent van Gogh akafuata. Van Gogh alifariki mwaka 1890. Sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mchoraji kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na hata nchi zinazotoa miaka 70 ulinzi huo ulikwisha zamani. Kwa hiyo mwandalizi hamlipi mtu yeyote kwa mchoro wenyewe. Unachokilipia ni projekta, jengo na wafanyakazi. Mchoro wake wa usiku wenye nyota, wa mwaka 1889, uko New York, na una kama sentimita 74 kwa 92 tu. Ungeingia ukutani mwa sebule yako na nafasi ikabaki. Rangi aliyoipaka imesimama kwa matuta, unaona mahali brashi ilipogeuka. Projekta haina matuta. Inakupa ukubwa na kukunyima mkono wa mchoraji.

Aina ya pili ni kazi iliyotungwa kwa ajili ya chumba tangu mwanzo. Kazi nyingi za teamLab si video iliyorekodiwa na kurudiwarudiwa. Kompyuta huchora kila kinachoonekana papo hapo, kikibadilika kufuatana na mahali watu waliposimama, na dakika iliyopita hairudi. Hiyo kwangu ni sanaa bila ubishi. Ya kwanza ningeilipia kama ninavyolipia burudani njema, wala singemcheka anayeipenda. Kabla ya kutoa pesa uliza: kazi hii ingeweza kuonekana kwingine bila chumba hiki? Kama ingeweza, bei iwe ya sinema.

Shule yetu ina projekta moja. Klabu ya sanaa inataka kutengeneza chumba kama hicho siku ya wazazi. Inawezekana, au ni ndoto? – Mwalimu, Nyalenda, Kisumu

Inawezekana sana, Mwalimu, mradi msijaribu kufunika kuta nne. Mwanga wa projekta ni kiasi kile kile hata uupanue vipi. Ukizidisha upana wa picha mara mbili, urefu nao unaongezeka mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na kila sehemu ya ukuta inabaki na robo tu ya mwanga. Ndiyo maana majumba makubwa huwa na projekta zaidi ya mia moja. Nyinyi chagueni ukuta mmoja, picha isizidi upana wa mita mbili au mbili na nusu. Projekta nyingi za darasani huhitaji kukaa kama mita tatu nyuma ili zitoe picha ya mita mbili.

Giza ndilo litakalowafanyia kazi nusu. Zibeni madirisha kwa nailoni nyeusi ya ujenzi, au mngoje jioni. Kisumu jua huzama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Mkifunga madirisha mchana, ingizeni watu kumi kumi na mlango uachwe wazi nyuma ya pazia. Mnalijua joto la Kisumu.

Sasa kivuli. Projekta ikiwa nyuma ya watazamaji, kila mtoto anayekaribia ukuta anaikata picha. Kwa hiyo tundikeni shuka jeupe jepesi katikati ya chumba, lililovutwa kila upande hadi likaze, kisha wekeni projekta upande wa pili na kugeuza picha kwenye menyu yake ili maandishi yasisomeke kinyume. Watoto wataligusa shuka lenyewe bila kivuli. Angalizo ni kwamba katikati ya shuka mtaona nukta kali ya taa kama chombo kiko sawasawa na macho. Iwekeni chini, imulike kwa kupanda, na mtoto asichungulie kwenye lenzi.

Cha kuonyesha mnacho tayari. Tangu mwaka 2013 teamLab wana kazi ambamo mtoto hupaka rangi samaki kwenye karatasi, karatasi inaskaniwa, na samaki wake anaingia ukutani kuogelea na wenzake. Nyinyi mna ziwa zima hapo: ngege, mbuta, mumi, kamongo, na kundi la omena kwa wale wasiopenda kuchora kimoja kimoja. Chorani, pigeni picha za simu kwenye mwanga wa mchana bila flashi, ondoeni karatasi inayozunguka samaki kwa programu ya bure ya simu, kisha mpangeni kila samaki kwenye slaidi yenye rangi nyeusi nyuma yake na kumwekea mwendo. Weusi huo msiusahau. Projekta haiwezi kurusha giza, kwa hiyo penye weusi hapaonekani kitu na samaki anaelea peke yake. Mkiacha nyuma peupe, mtakuwa mnaonyesha karatasi za mraba zinazotembea.

Kuhusu stima: waya ya kuongezea ikiwa imeviringwa kwenye gurudumu lake, ikunjueni yote, maana ikibeba mzigo mkubwa ikiwa imejikunja hupata moto. Na stima ikipotea ghafla, projekta ya balbu isiwashwe mara inaporudi. Feni imezimika balbu ikiwa bado moto; ipeni muda ipoe, la sivyo mtanunua balbu, na balbu bei yake inauma kuliko shuka.

Mtoto wangu wa miaka tisa ana kifafa. Naweza kumpeleka sehemu za taa kama hizi? – Mzazi, Siaya

Muulize kwanza daktari anayemtibu, na umuulize hasa kama kifafa chake huamshwa na mwanga. Wengi wenye kifafa hawana shida hiyo. Wanaoathiriwa na mwanga unaomwekamweka ni kama watu 3 kati ya kila 100 wenye kifafa. Kwa hao, hatari kubwa ni taa inayowaka na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Mwanga unaobadilika polepole si sawa na huo. Mlangoni uliza kama kuna chumba chenye taa za kumwekamweka, nao wanapaswa kukujibu waziwazi. Ukijikuta ndani na taa zikaanza, mzibe mtoto jicho moja kabisa kwa kiganja na umgeuze kando. Kufumba macho peke yake hakutoshi, kwa kuwa mwanga hupenya kope. Na dawa zake za siku hiyo asiziruke kwa sababu ya safari.

Jioni nikiwasha taa, vijidudu vya ziwa vinajaa sebuleni hadi kwenye sufuria ya mboga. Nimepuliza dawa nimechoka. – Dada, Dunga

Dada, acha kupuliza dawa juu ya chakula. Hao hawaumi wala hawanyonyi damu. Wanatoka majini wakiwa wakubwa, wanaishi muda mfupi tu, na wanafuata mwanga. Kwa hiyo wape mwanga, lakini mbali nawe. Zima taa ya barazani na ya karibu na dirisha. Washa moja ya nje, mwisho wa ua, na chini yake weka karai la maji yenye sabuni kidogo. Sabuni hulegeza uso wa maji, wadudu wanazama badala ya kutua na kuruka tena. Balbu ya barazani ibadilishe iwe ya manjano, kwani nyeupe ya samawati huwavuta zaidi. Pika kabla ya giza siku ukiona wingu lao juu ya ziwa. Asubuhi wafagie wakiwa wakavu, maana ukiwapitishia kitambaa chenye maji watapaka ukuta.

Ketle yangu inaota ukoko mweupe ndani. Pia nasikia maji ya visima vya huku yanaharibu meno ya watoto. Nikiyachemsha sana yanakuwa salama? – Baba wa watoto wawili, Nakuru

Hayo ni mambo mawili. Ukoko ni chokaa: jaza ketle nusu maji na nusu siki, au kamulia ndimu kadhaa, chemsha, acha saa moja, mwaga, suuza, kisha uchemshe maji matupu mara moja na uyamwage. Usikwangue kwa kisu.

La meno ni zito zaidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floraidi, na visima vingi vya eneo hilo vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuitoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, inayobaki inazidi kukolea. Dawa ya klorini haiitoi, mchanga hauitoi. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo Nakuru watu wamelitumia kwa miaka, na mkaa wake hubadilishwa ukichoka. Njia nyingine ni maji ya mvua kutoka kwenye mabati safi, ukiacha ya mwanzo yapite. Anza na watoto walio chini ya miaka minane. Meno yao ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi ndani ya ufizi, na yakishatoka na madoa ya kahawia huwezi kuyarudisha. Maji ya kisima tumia kuoshea na kufulia.

Pilau imemwagika kwenye shuka jeupe. Nimeosha kwa sabuni, doa la manjano limekuwa jekundu! – Msomaji, Busia

Usishtuke. Bizari ya manjano hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni kali, na ukisuuza vizuri kwa maji baridi inarudi manjano. Kisha lianike juani likiwa bado na unyevu, doa likitazama juu. Rangi hiyo haivumilii jua. Siku moja au mbili za jua la Busia zitaifuta. Usilipige pasi kabla doa halijaisha. Ukiamua kutumia Jik, iwe peke yake na maji, kamwe isichanganywe na siki wala ndimu, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu.

Stima ikipotea usiku kucha, nyama ya kwenye friji bado inalika? – Mama, Bungoma

Friji isiyofunguliwa hukaa na baridi kwa muda wa kama saa nne. Friza iliyojaa hufika muda wa saa 48, na iliyojaa nusu hufika saa 24. Kwa hiyo nyama ya friza yenye barafu bado ndani irudishe au uipike. Ya friji iliyokaa bila baridi toka jioni hadi asubuhi itupe hata kama hainuki, na usimpe mbwa.