Kadi ya grafiki ni moja, nguvu ni mbali mbali

SWALI: Assalaam aleikum, mhariri. Mimi ni kijana wa Likoni na kazi yangu ni kusanifu kadi za harusi na mabango katika duka la uchapishaji karibu na Barabara ya Digo, kwa hivyo kila siku navuka feri kwa miguu, asubuhi na jioni, begi likiwa mgongoni. Usiku hucheza michezo ya kompyuta na ndugu zangu, na nimeanza kujifunza kuchora majengo ya pande tatu kwa programu ya Blender. Nimeonyeshwa laptopu mbili, zote zina kadi ya grafiki ya RTX 4060. Moja ni ya inchi 14, uzito wake kilo moja na nusu. Nyingine ni ya inchi 16, yakaribia kilo mbili na nusu, na bei yake ni nafuu. Muuzaji aniambia nguvu yao ni sawa kwa kuwa kadi ni ile ile. Je, ni kweli? Ninunue ipi?
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Waaleikum salaam, kaka yangu. Si kweli, na nasikitika kwamba wateja wengi huambiwa hivyo. Jina la kadi halitoshi kukujulisha nguvu yake, kwa sababu kila kiwanda cha laptopu huamua chenyewe kadi hiyo ilishwe umeme kiasi gani. RTX 4060 ya laptopu yaweza kuwekewa kiwango chochote kati ya wati 35 na wati 115, na mashine nyingine huiongezea hadi wati 140 pale kichakato kikuu (prosesa, yaani CPU) kinapokuwa na kazi ndogo. Laptopu nyembamba haina nafasi ya kutoa joto jingi, kwa hivyo hupewa wati chache. Kwa mfano, ASUS ROG Zephyrus G14 ya mwaka 2024, ambayo ni ya inchi 14 na ina uzito kama huo uliotaja, huilisha kadi hii hadi wati 90. Kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji afungue paneli ya NVIDIA, kampuni inayounda kadi hiyo, kwenye mashine yenyewe, aingie kwenye taarifa za mfumo, akuonyeshe kiwango cha juu cha wati. Hilo ni jambo la dakika moja, na muuzaji asiyetaka kulifanya ningemwacha.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wati zikiongezeka maradufu basi kasi nayo itakuwa maradufu. Kadi ikishalishwa vya kutosha, kila wati inayoongezwa huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia, na kinachozidi huwa ni joto na kelele za feni. Ndiyo maana mimi, kwa kazi yako na kwa safari yako, ningechukua ile ya kilo moja na nusu, mradi wati zake zisiwe zile za chini kabisa. Kadi za harusi na mabango unayoyatengeneza hutegemea zaidi kichakato kikuu na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi. Blender ndiyo itakayoitumia kadi kwa bidii, na hapo mashine nzito itamaliza picha mapema zaidi, lakini tofauti hiyo waweza kuivumilia kwa kuiacha ifanye kazi wakati wa chakula cha usiku. Kilo moja ya ziada, pamoja na chaja kubwa kama tofali, utaibeba kila siku katika msongamano wa feri.

Habari ya chaja yahitaji maelezo zaidi. Laptopu ya michezo ikiwa kwenye betri hupunguza nguvu zake kwa makusudi, na sababu yake ni hesabu tu: sheria za usafiri wa ndege huwafanya watengenezaji wasiweke betri inayozidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme uliohifadhiwa), na mashine inayokula wati 150 wakati wa mchezo ingemaliza betri ya wati-saa 73 kwa takriban nusu saa. Kwa hivyo michezo ni ya nyumbani, kando ya soketi. Uliza kama mashine yapokea chaji kupitia tundu la USB-C. Ikiwa yapokea, iache chaja kubwa Likoni na ubebe ndogo ya wati 100, ambayo yatosha kabisa kwa usanifu.

Katika mashine nyembamba, mara nyingi RAM huwa imechomelewa kwenye bodi na hakuna fundi atakayekuongezea baadaye, kwa hivyo nunua ya gigabaiti 32 tangu mwanzo ukiweza. Wala usishawishike kulipia RTX 4070 ya laptopu ukitarajia kumbukumbu kubwa ya picha, kwani hiyo nayo ina gigabaiti 8, sawa na 4060.

Skrini ndiyo ningekuomba uishughulikie kuliko yote, kwa maana ndiyo inayokulisha. Laptopu nyingi za michezo za bei nafuu zina skrini yenye kasi lakini rangi zake zimefifia. Upana wa rangi za skrini hupimwa kwa vipimo kama NTSC na sRGB. Ukiona imeandikwa asilimia 45 ya NTSC, iache. Tafuta inayofikia asilimia 100 ya sRGB. Nenda dukani na kadi ya harusi uliyokwisha kuichapisha, ile yenye nyekundu ya damu ya mzee unayoijua vizuri, na faili lake kwenye flashi. Lifungue, ishike kadi kando ya skrini, utazame. Nyekundu ikionekana kama ya matofali, hiyo mashine itakugombanisha na maharusi.

Mwisho ni joto letu. Feni hupooza mashine kwa hewa ya chumbani, na hewa ya Mombasa mwezi wa Machi yenyewe ina nyuzi zaidi ya 30 na unyevu tele. Niliwahi kuifungua laptopu ya jirani yangu iliyokuwa ikizimika katikati ya mchezo, nikakuta vumbi lililolowa limegandamana kwenye mapezi ya shaba yanayotoa joto kama kipande cha sufi, hewa haipiti kabisa. Isafishwe kila miezi sita, na usiiweke juu ya godoro.

SWALI: Binti yangu anaanza masomo ya usanifu majengo. Nimeambiwa nimnunulie laptopu iliyotumika kutoka Uingereza. Nitazame nini?
*Mama, Kisauni*

JIBU: Mama, waweza kupata mashine nzuri sana kwa njia hiyo, na chaja zake huingia kwenye soketi zetu bila adapta. Kichakato kikiwa cha Intel, kisiwe cha chini ya kizazi cha 8, kwa kuwa Windows 11 haikubali rasmi karibu vyote vya kabla ya hapo na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Binti aandike amri ya powercfg /batteryreport mbele ya muuzaji: ripoti itaonyesha betri ilitengenezwa kubeba kiasi gani na sasa yabeba kiasi gani. Ikiwa yabeba chini ya nusu, bei ya betri mpya ipunguzwe pale pale kwenye bei ya laptopu.