Vitabu vya shule vilivyoloa baada ya kimbunga

Mnaouliza kama mvianike juani vitabu vya shule vilivyoloa kwenye kimbunga: hapana, msivianike. Karatasi hujikunja, na kurasa zile zinazong'aa zikikauka zimeshikana hazibanduki tena. Mna kama saa 48 tu kabla ukungu haujaanza kuota kwenye karatasi. Okoeni kwanza rejista na vyeti vya wanafunzi, maana kitabu cha kiada kitapatikana kingine. Msivyoweza kuvikausha leo vitieni kwenye mifuko, mviweke kwenye friza: baridi kali husimamisha ukungu, kisha mtavitoa kidogo kidogo na kuvikausha kwa feni. Nimefanya kazi ya kutunza kumbukumbu, ndiyo njia tunayoitegemea. Ila vilivyoguswa na maji ya choo vitupeni, tafadhali. Watoto hulowesha kidole kwa mate wakifungua kurasa.