Jibu: Mwaka mzima ofisi moja, mbona sina rafiki?

Ndugu, umesema umehamia Dodoma mwaka sasa, ofisini mko wanane na mnacheka vizuri, lakini ukiumwa huna wa kumpigia simu. Sioni kasoro kwenye tabia yako. Angalia aina ya saa mnazokaa pamoja.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria kwamba mtu unayemfahamu tu huwa rafiki wa kawaida baada ya saa 50 hivi, na rafiki wa karibu baada ya zaidi ya 200. Saa za kazi zilikuwa na uzito mdogo. Zilizojenga ni za kula, kupiga soga, kustarehe. Piga hesabu: saa mbili kila Jumamosi zinakufikisha 50 baada ya wiki 25. Ukikata tamaa mapema, urafiki unaweza kufia hapo.

Kwa hiyo chagua mmoja au wawili, si wote wanane. Taja siku na mahali, maana "tutatafutana" haina tarehe. Mweleze jambo dogo la kweli kukuhusu, kisha uone kama analitunza na kama naye anafunguka. Mkopo usiutangulize: aliyekwama kulipa huanza kukukwepa hata kwa salamu. Na akikataa mialiko minne bila kupendekeza siku nyingine, mwache kwa heri, mgeukie mwingine.