Sasa nikivuta hapa, navuta nini?

Hedifoni yangu ya kwanza ya maana niliinunua kwa kudunduliza miezi mitatu, na sikio la kushoto likazimika kabla ya mwaka kuisha. Ilikuwa usiku, nahariri mahojiano, mgeni anaongea vizuri katikati ya kichwa changu, ghafla akahamia kulia. Nikaupinda waya kidogo karibu na pini, akarudi. Nikauachia, akaondoka tena. Wiki tatu nzima nilifanya kazi waya ukiwa umebanwa kwa selotepu kwenye ukingo wa meza, mkao uleule, sithubutu kugeuka hata kuchukua kikombe cha chai.

Fundi wa mtaani aliitengeneza kwa nusu saa. Ikadumu wiki mbili, ikakatika tena, kama sentimita moja tu juu ya pale alipolehemu. Ndipo nikanunua chuma changu cha kulehemu na kuanza kujifunza, na kwa miezi kadhaa nikawa nafanya kazi kama za fundi yule: zinapendeza, zinalia, halafu zinakufa.

Aliyenizindua ni mzee mmoja mtengeneza redio pale Kariakoo. Nilimpelekea pini niliyoilehemu mwenyewe, moyoni nikijua atanisifu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niione." Akashika pini mkono mmoja, waya mkono mwingine, akavuta taratibu. Akaifungua, akaitazama juu ya miwani yake. "Umelehemu vizuri. Sasa nikivuta hapa, navuta nini?"

Sikujibu. Alikuwa anavuta risasi niliyolehemea, na sote wawili tunaiona.

"Risasi ipitishe umeme," akasema. "Kazi ya kushika, itafutie mshikaji mwingine."

Nitalirudia hilo baadaye, maana kwanza lazima ujue waya umekatikia wapi. Usikate kitu kabla ya kusikiliza. Weka sauti ya mtu anayeongea peke yake, muziki unaficha mambo, kisha uupinde waya kidogo kidogo ukianzia kwenye shingo ya pini na kupanda. Mara nyingi hutafika mbali: ni shingo ya pini, au ni pale waya unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Palipo na mkwaruzo, zungushia kipande cha selotepu iwe alama. Na kama hedifoni yako waya wake unaingia upande wa kushoto tu, kumbuka kwamba waya wa kulia umepita juu ya kichwa, ndani ya ule upinde. Sikio la kulia likikatika kila unapoitanua hedifoni kuivaa, pini haina hatia. Nimewahi kukata pini nzima, ya kiwandani, nikagundua hivyo baadaye.

Kuna ugonjwa mmoja unaowasumbua wengi. Masikio yote mawili yanalia, lakini mwimbaji hayupo. Vyombo vinasikika kwa mbali, vina mwangwi kama vinapigwa ndani ya pipa, sauti ya mtu imemezwa. Watu hudhani wimbo umeharibika au simu ina matatizo. Hapo ethi imekatika. Kushoto na kulia vinatumia ethi moja ya kurudishia umeme; ikikatika, umeme unatoka spika moja ukapitia kwenye nyingine, na unachosikia ni tofauti tu kati ya pande mbili. Mwimbaji hurekodiwa sawasawa pande zote, kwa hiyo anajifuta mwenyewe. Ukisikia hivyo, usihangaike na kushoto wala kulia, tafuta ethi.

Ugonjwa huohuo una pacha wake kwenye iyafoni zenye maiki, zile ambazo pini yake ina pete tatu nyeusi. Simu nyingi za sasa zinapanga hivi kuanzia kwenye ncha: kushoto, kulia, ethi, maiki. Zamani baadhi ya simu zilipanga hizo mbili za mwisho kinyume, maiki kwanza kisha ethi. Ukichomeka ya mpango mmoja kwenye simu ya mpango mwingine, mwimbaji anapotea. Jaribio lake ni rahisi: bonyeza kile kitufe cha kupokelea simu ukishikilie. Sauti ikijaa ghafla, waya wako ni mzima. Kinachokosana ni mpangilio tu.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, mambo yanakuwa mepesi zaidi. Iweke kwenye kipimo cha ukinzani, omu 200, gusa ncha ya pini na sehemu ya mwisho kabisa (hii ni kwa pini ya kawaida ya pete mbili). Hedifoni ya omu 32 itasoma kwenye thelathini na kitu, na utasikia "tik" ndogo sikioni. Isiposoma chochote, waya umekatika. Ikisoma sifuri au karibu yake, una shoti.

Ukishapajua mahali, kata kwa ukarimu. Mimi natoa sentimita tano kila upande wa kidonda. Huku kwetu pwani joto na jasho vinaingia ndani ya mpira wa waya, na ukiuchuna utakuta shaba imeota kutu ya kijani. Shaba ya kijani haishiki risasi hata uibembeleze vipi. Endelea kukata mpaka uione nyekundu inayong'aa. Waya mfupi unaolia ni bora.

Ndani utakuta vinyuzi vyembamba vyenye rangi, pengine vimesukwa pamoja na nyuzi za nailoni. Wengi wanakwama hapa. Unavisokota, unagusa risasi, risasi inateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Ile rangi ni vanishi, nayo haipitishi umeme. Kuna wanaoichoma kwa kiberiti kisha wanakwangua kwa msasa. Inafanya kazi, ila shaba nyembamba ikishapigwa moto inakuwa dhaifu na nusu ya nyuzi zinabaki kwenye msasa. Mimi nafanya hivi. Napandisha chuma hadi kama digrii 370, nayeyusha tone la risasi lenye flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika) likae kwenye ncha, kisha naitumbukiza ncha ya waya ndani ya tone na kuisukuma taratibu. Sekunde mbili za kwanza hakuna kitu. Halafu moshi unatoka, vanishi inajikunja na kurudi nyuma kama soksi, na waya unageuka rangi ya fedha. Ukitoka na ncha ya fedha ya milimita tatu, umemaliza kazi ngumu kuliko zote. Fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kugusa chakula, risasi ya kawaida ina madini ya risasi kweli.

Kuhusu rangi: nyekundu mara nyingi ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, rangi ya shaba ni ethi. Mara nyingi. Nimekutana na iyafoni zilizopakwa rangi kwa hisia za mtu, kwa hiyo hakikisha kwa mita kabla hujafunga.

Kabla ya kulehemu, pitisha kifuniko cha pini kwenye waya. Na kile kimpira cheusi kinachosinyaa kwa moto, kipitishe pia. Nakwambia sasa kwa sababu utasahau. Mimi nasahau mpaka leo. Unamaliza kazi safi, unageuka, kifuniko kinakutazama pale mezani.

Pini za bei ya chini zina mipako ambayo risasi haiipendi, zikwangue kwa wembe kwanza. Pia plastiki iliyo katikati ya vipande vyake inalainika kwa joto, vipande vinasogeana na unapata shoti usiyoiona. Dawa yake: chomeka pini kwenye tundu la redio mbovu wakati unalehemu. Tundu linaishika isiyumbe, linakunywa joto la ziada, na vipande vinabaki mahali pake. Gusa sekunde mbili tatu, ondoa, ngoja ipoe, nenda kwenye kinachofuata.

Sasa swali la mzee. Kwenye mkia wa pini kuna vishikio viwili vya chuma kama mikono. Lazima vikumbatie mpira wa nje wa waya, si zile nyuzi za ndani. Iyafoni ina waya mwembamba, vishikio havifiki, na watu wengi wanaviacha wazi. Uneneshe: vimpira viwili vitatu vya kusinyaa, kimoja juu ya kingine, mpaka vishikio viwe na kitu cha kubana. Halafu vuta. Ukivuta, zile nyuzi zilizolehemiwa zibaki zimelegea kidogo ndani, hazina habari. Upande wa kikombe cha sikio ni rahisi zaidi: piga fundo waya ndani ya kikombe kabla ya kulehemu, uzito wote ukae kwenye fundo.

Usimwage gundi ya supagluu shingoni mwa pini. Nilifanya hivyo nikijiona mjanja. Gundi inanyonywa ndani ya nyuzi, sehemu ile inakuwa ngumu kama mti, na waya unakatikia palepale ugumu unapoishia. Ndicho kilichoua kazi ya fundi wangu wa kwanza: aliacha ugumu, kisha ghafla ulaini. Unachotaka ni ugumu unaopungua polepole. Kimpira kirefu ndani, kifupi juu yake, kuelekea kwenye pini. Basi.

Kutengeneza waya mpya tangu mwanzo, kusema kweli, ni rahisi kuliko kufufua wa zamani. Nilianza na nyaya za maiki za kwaya yetu, mita kumi kumi. Ile pini kubwa ya matundu matatu ina namba ndogo zimeandikwa ndani: 1 ni ethi, yaani ule wavu wa nje, 2 na 3 ni nyuzi za sauti, na pande zote mbili za waya unafunga namba kwa namba, hakuna kuvuka. Sauti inasafiri kwenye nyuzi mbili ikiwa kinyume, kelele inaingia zote mbili sawasawa, mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, inatoa moja kwa nyingine, kelele inakufa. Waya wa gitaa au kinanda hauna bahati hiyo, ufanye mfupi, mita tano au sita.

Dukani, omba kipande ukikwangue kwa wembe. Ukiwa mweupe ndani ya ile shaba, ni aluminiamu iliyopakwa. Beba na sumaku pia: ikinata, ndani ni chuma, rudisha. Wala usidanganyike kwamba waya wa spika unafaa kwa maiki kwa sababu ni mnene. Hauna wavu wa kuzuia kelele. Nilijaribu mara moja kwenye ibada, simu ya mtu wa kiti cha mbele ikaanza kutafuta mtandao, na kanisa zima likasikia "tititi-tititi" katikati ya maombi. Mchungaji alisubiri iishe.

Iyafoni za kutupwa zikusanye, ndizo daftari lako la mazoezi. Za kwangu zilijaa bakuli la plastiki kabla sijaigusa tena hedifoni yangu. Ipo mpaka leo, waya umebaki mita moja na robo, shingo yake nene kuliko ilivyotoka kiwandani.

Nyaya za kwaya ndizo zinazonipa kazi. Vijana wanazikunja kwa kuzizungusha kwenye kiwiko, zinajisokota ndani kila Jumapili. Nimewaonyesha: mkunjo mmoja juu, unaofuata uugeuzie chini, waya ulale wenyewe. Wananitazama, wanaitikia "sawa kaka", wanakunja vizuri nikiwa nimesimama pale. Jumapili iliyopita nilirudi nyumbani na mbili begani.