Wasomaji Wanauliza: Baiskeli Bondeni Kando ya Mto, Bila Magari

SWALI: Habari za kazi. Nina baiskeli ya resi, tairi zake nyembamba za milimita 25, na nimechoka kupitwa na malori yanayonipuliza mpaka nayumba. Watu wananiambia nitafute zile njia za bondeni, kando ya mto, ambazo gari haliruhusiwi. Je, kweli ni tambarare kama wanavyosema? Na hii resi yangu itaziweza? (Mchovu wa Malori)

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hako kaupepo ka lori nakajua, unakaza mkono kwenye usukani mpaka bega linauma. Basi nikujibu, tambarare ndiyo, nyingi ni tambarare kweli, na sio bahati. Mto ukishatoka milimani unapita pale penye mteremko mdogo kabisa, afu waliojenga reli nao wakaufuata huo huo mto, maana gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linateleza, treni haipandi mlima kama gari. Ndo maana reli nyingi za zamani mwinuko wake ni mita moja au mbili kwa kila mita 100, hauzidi sana hapo. Reli ikifa vyuma vinang'olewa, tuta linabaki, na hilo tuta ndo njia yako ya baiskeli. Nyingine zilikuwa njia za farasi waliokuwa wanavuta mashua kwa kamba, wanatembea ukingoni mashua ipo majini, na hizo ziko karibu kabisa na maji.

Mfano mzuri ni njia ya mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, mpaka Vienna, Austria. Ni kama kilomita 320, na katika urefu wote huo mto unashuka chini ya mita 150. Yaani huo mteremko hata mguu hausikii.

Sasa kuhusu resi yako, hapa naomba unisikilize vizuri maana ndipo watu wengi wanaumia. Njia isiyo na magari sio lazima iwe na lami! Watu wanaona picha ya mto na miti, wanafunga safari, wanafika wanakuta kokoto. Katy Trail kule Missouri, Marekani, ina karibu kilomita 386, sehemu kubwa inafuata mto Missouri, njia safi na magari hamna, lakini uso wake ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kukiwa kukavu tairi ya 25 unaweza kujikongoja nayo, ila mvua ikinyesha ule unga unakuwa kama uji, unaganda kwenye breki na mnyororo. Na ile njia ya mfereji wa C&O (Chesapeake na Ohio), huko huko Marekani, inayoufuata mto Potomac mpaka Washington, kilomita 297, kuna sehemu ni udongo na mizizi, mvua ikipiga ni matope matupu. Huko usipeleke tairi nyembamba, utateseka bure. Danube kwa upande mwingine sehemu kubwa ni lami, ndo maana resi zinapita.

Kwa hiyo mie ningekushauri uulize kwanza uso wa njia ndo uulize uzuri wake. Fungua picha za setilaiti, vuta karibu, angalia rangi, lami mara nyingi inaonekana kijivu na kingo zake zimenyooka, kokoto inaonekana nyeupe au kahawia na kingo zimefifia. Afu tafuta picha za watu waliopita mwaka huu, sio za siku ya uzinduzi. Na kama fremu yako inaruhusu weka tairi za 28, au 32 kabisa, punguza upepo kidogo, utashangaa baiskeli inavyotulia. Hata kwenye lami utanishukuru, kwa sababu mizizi ya miti ya mtoni inainua lami na kuacha matuta ambayo kwenye kivuli huyaoni mpaka yamekupiga.

Jambo jingine, "bila magari" mara nyingi sio mwanzo mpaka mwisho. Njia ya mto Loire kule Ufaransa, karibu kilomita 900, inachanganya vipande vya baiskeli tupu na vibarabara vya vijijini vyenye magari machache. Na popote tuta la reli linapokatiza barabara kuna makutano, umetoka kilomita kumi umetulia hujaona gari, akili imelala, ghafla barabara hii hapa. Mie pale naogopa kuliko kwenye barabara kuu, kwa sababu kwenye barabara kuu angalau niko macho. Ukiona nguzo zimesimikwa katikati ya njia jua makutano yamefika, shika breki mapema.

SWALI: Nianzie juu niteremke na mto, au nianzie chini? Nina siku moja tu, nitaenda na kurudi. (Mama wa Siku Moja)

JIBU: Dada, usihangaike na mteremko, hangaika na upepo. Kwenye njia yenye mwinuko wa mita moja kwa mia, upepo wa mbele unakuchosha kuliko huo mlima.

Mabonde yenye milima pande mbili yana tabia yake siku za jua. Usiku hewa inapoa huko juu, inakuwa nzito, inashuka bondeni kama maji, kwa hiyo asubuhi kapepo kanaelekea kule mto unakoelekea. Jua likishapasha kuta za bonde hewa ya pale inapanda, nyingine inavutwa kutoka chini kuja kujaza nafasi, na kuanzia mchana upepo unageuka unapanda bonde, na unaweza kuwa mkali kweli. Sasa watu wengi wanawaza "nianze kupanda nikiwa na nguvu, nirudi nikiteremka" afu wanakutana na upepo usoni saa nane mchana, mteremko upo lakini wanakanyaga pedali kama wanapanda. Nishafanya hilo kosa mwenyewe na siku ile nilitamani kulia. Wewe anza juu, teremka na mto alfajiri, pumzika, rudi juu mchana upepo ukiwa mgongoni.

Kwenye mabonde mapana ya wazi hii haifanyi kazi sana, huko unafuata upepo wa eneo zima. Danube wengi wanaanzia Passau sio kwa sababu ya mteremko tu, ni kwamba pepo za kule mara nyingi zinatoka magharibi.

SWALI: Naogopa mahandaki ya reli. Giza linanipa kizunguzungu. Kuna haja ya kupita humo?

JIBU: Hauko peke yako. Uliza kabla kama lina taa. Monsal Trail kule Derbyshire, Uingereza, mahandaki yake yalifunguliwa 2011 yakiwa na taa, na njia nzima ni kilomita 14 hivi, pazuri kwa kuzoea. Big Savage kwenye njia ya Great Allegheny Passage, Marekani, ni refu kama kilomita moja na wakati wa baridi kali linafungwa kabisa, kwa hiyo angalia tarehe. Beba taa yako hata ukiambiwa zipo, vua miwani ya jua kabla ya kuingia, punguza mwendo, subiri sekunde kadhaa macho yazoee. Ndani kuna baridi na maji yanadondoka, usishtuke. Ukishindwa shuka usukume, hamna anayekuhesabia.

SWALI: Mie nafanya mazoezi ya kasi, natembea kilomita 35 kwa saa. Watembea kwa miguu wananigombeza kila siku, na wakati njia ni ya baiskeli! Nifanyeje?

JIBU: Kaka, hapa sitakuunga mkono. Nyingi ya hizi njia ni za wote, kuna bibi na mjukuu wake, kuna mbwa mwenye kamba ndefu inayokatiza njia nzima, kuna mtoto anajifunza baiskeli leo leo. Sisi tunakimbia malori kwa sababu yanatupita kwa kasi bila kutujali, na kwa yule mtoto lori ndo wewe. Piga kengele mapema ukiwa bado mbali, sio ukiwa mgongoni kwake maana ataruka upande usioujua. Punguza mpaka mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, pita, salimia. Kama unataka 35 toka alfajiri kabla watu hawajaamka, au panda vibarabara vya vijijini vilivyo juu ya bonde, magari machache na milima utaipata ya kutosha.

SWALI: Mafuriko yakipita naweza kwenda lini? Naishi karibu na njia ya mtoni na inafunikwa maji mara kwa mara.

JIBU: Njia ikiwa kando ya mto mafuriko ni jirani yake. Ile Katy Trail niliyoitaja, reli yenyewe iliachwa baada ya mafuriko ya 1986, na mwaka 1993 mto ukafurika tena ukaharibu vipande vya njia ya baiskeli. Kwa hiyo usikimbilie eti jua limewaka. Maji yakitoka yanaacha tope jembamba juu ya lami, likikauka juu linaonekana kama vumbi tu lakini chini bado ni sabuni, na kwenye kona tairi nyembamba inaondoka hapo hapo. Subiri mvua nyingine ndogo ilioshe au watu wa usafi wapite. Angalia pia miti iliyonasa chini ya madaraja, na mbao za daraja zikiwa na maji pita umenyooka, usikate kona wala usibane breki.

Na maji yakiwa bado juu ya njia, hata kama ni ya kifundoni, hata kama unaijua ile njia kwa miaka, usiingie. Huoni kama lami ya chini bado ipo. Geuza baiskeli, rudi.