Ng'ombe Akitokwa Mate, Weka Chupa Chini

Juzi mfugaji kaniandikia: "Dokta, ng'ombe wangu mate yanamtoka ovyo, nimnyweshe mafuta ya kula kiasi gani?" Hakuuliza ng'ombe ana nini. Kauliza kipimo cha mafuta! Ujumbe wa aina hii hunifikia kila msimu wa parachichi, na kila mara hunichoma. Sababu mtaisikia.

Ng'ombe mkubwa hutoa mate lita 100 hadi 150 kwa siku. Huyaoni kwa kuwa anayameza. Tezi zake, hasa zile zilizo chini ya masikio, hazilali hata akiwa hali kitu, na mate hayo yana bikaboneti na fosfati zinazopunguza asidi ndani ya tumbo kuu. Kwa hiyo ukiona mate yananing'inia, usikimbilie kusema yameongezeka. Mara nyingi ni yale yale ya kila siku, yamekosa pa kupita.

Huku Rungwe niliitwa kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa. Nikamkuta ng'ombe kanyoosha shingo, anatafuna hewa, ubavu wa kushoto umejaa kama ngoma. Kijana kaukamata ulimi, kauvutia pembeni. Mzee kashika chupa ya mafuta ya alizeti. "Dokta, umefika wakati mzuri, tushikie kichwa." Nikawaambia waachie vyote viwili.

Ulimi ndio unaoanzisha kumeza. Misuli yake hulibana tonge kwenye kaakaa, ikalisukuma nyuma kwenye koromeo, ndipo njia ya hewa inafungwa. Ukiuvuta nje, mnyama hawezi kumeza, na unachomimina kinaingia mapafuni. Siku chache baadaye anakohoa, watu wanasema nimonia imeletwa na baridi. Baridi gani? Imeletwa na chupa!

Kabla ya kumgusa niliuliza habari za mbwa. Kichaa cha mbwa nacho hulegeza koo, mate yakamwagika, na mwenye pupa ya kuingiza mkono mdomoni anaweza kulipa kwa uhai wake. Hakuna mbwa aliyemng'ata. Nikavaa glavu, nikatazama ulimi na kwato. Hapakuwa na malengelenge ya ugonjwa wa miguu na midomo. Nikapapasa shingo upande wa kushoto, umio unakopita, vidole vikagota kwenye kitu kigumu cha mviringo.

Gesi kwanza, kwa sababu umio ukiziba ng'ombe habeui, na gesi humuua upesi. Nilitoboa ubavuni kwa trokari, yaani chuma chenye ncha kali kilicho ndani ya bomba dogo la kutolea gesi, nikamchoma dawa ya kumtuliza, kisha nikalisukuma lile dude taratibu kwa vidole gumba kuelekea mdomoni. Likatoka parachichi bichi, zima, lina alama mbili tu za magego.

Baadaye nikasikia mnadani mzee anasimulia kwamba yaliyomwokoa ng'ombe ni mafuta, eti alikuwa ameshamimina kidogo kabla sijafika. Nimekesha chuoni na neva ya 12, ile inayoendesha ulimi, halafu sifa zinakwenda kwa alizeti. Sijasahau.

Jamani wafugaji wenzangu, tusikilizane. Parachichi na viazi vikatwe vipande vidogo kabla ya kuwekwa kihorini. Ng'ombe akikabwa, ondoa chakula na maji, piga simu. Usisukume kwa fimbo wala mpira wa maji, umio hutoboka na hapo hata mimi sina la kufanya. Na chupa iwekwe chini. Nimeshasema, narudia: chini!

Hata aliyelala hoi baada ya kuzaa, kwa homa ya maziwa, msimnyweshe kitu. Kalsiamu imepungua kwenye damu, misuli ya kumeza nayo imelegea. Dawa yake ipite mshipani, polepole, na anayeitoa awe mtaalamu anayesikiliza mapigo ya moyo muda wote.